Mazoea ya Kila Siku Yalindayo Maisha ya Mkristo

(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Suna)



Kamati imetuagiza tuseme maneno machache baada ya kusomwa taarifa ya mwaka na hesabu za Mwekahazina. Twajua ya kuwa wengine wenu mmetoka mbali, hata ng'ambo ya mto Kuja, na ya kuwa mwapenda kufika nyumbani kabla ya mvua ya jioni. Kwa hiyo tutajitahidi tusiwachoshe.

Hatukusimama mbele yenu kama wahubiri. Sisi ni karani wenu; kazi tuliyopewa ni kuandika majina, kupokea michango na kutunza daftari. Tena katika Chama hiki wamo Wakatoliki, Waanglikana, Waadventista, Walutheri, wenzetu wa Legio Maria ambao Got Kwer ni mahali patakatifu kwao, na wengine wa makanisa mengi. Wako wanaopumzika siku ya Sabato, na wako wanaopumzika siku ya Jumapili. Si kazi ya Chama kuamua mambo hayo. Lakini liko jambo moja linalotugusa sisi sote pasipo kubagua, nalo ni hili: siku moja ya ibada katika juma haiwezi kuzibeba siku sita zisizo na kitu. Mkristo hasimami siku ya jaribu kwa nguvu aliyoitafuta siku ile ile. Husimama kwa mazoea aliyoyajenga katika siku nyingi ndogo, siku ambazo hapakuwa na jaribu lolote wala mtu wa kumtazama.

Nyinyi wanachama mnalijua jambo hili katika mambo ya fedha. Chama chetu hakikungoja msiba ndipo kikusanye mchango. Kila mwezi twatoa kidogo, na wapo wanaonung'unika ya kuwa mwezi huu hakufa mtu, kwa nini tutoe? Lakini msiba unapobisha hodi, sanduku linalo jambo la kusema. Haba na haba hujaza kibaba. Basi na roho ya mtu inalo sanduku lake.

Tutawaeleza habari zetu wenyewe, kwa kuwa si haki kuwaonya wengine na kujificha nyuma ya maneno.

Tulisoma katika shule ya sekondari ya misheni, nasi tuliishi bwenini miaka minne. Kengele ililia alfajiri, kabla hakujapambazuka. Tuliamka, tukaosha uso, tukaenda kusali. Kengele ililia tena kabla ya chakula, na tena usiku kabla ya taa kuzimwa. Tulijiona kuwa watu wa sala. Walimu wetu walitusifu, na mchungaji wa nyumbani alipotuona likizoni alisema kwamba shule ile imetufanya Wakristo kweli kweli.

Kisha tukamaliza masomo, tukapata kazi ya ukarani, tukapanga chumba mjini. Chumbani mle hapakuwa na kengele. Hatukuikana imani, wala hatukugombana na kanisa. Tuliacha tu. Asubuhi ya kwanza tulisema tumechelewa kazini. Asubuhi ya pili tulisema tutasali jioni. Jioni tulisema tumechoka. Baada ya mwaka mmoja, kitu cha kwanza mkononi mwetu kila alfajiri kilikuwa ni simu, na kitu cha mwisho usiku kilikuwa ni simu hiyo hiyo. Siku ya ibada tulivaa vizuri, tukaenda kanisani, tukaimba. Tulioa, tukapata watoto, tukawafundisha kuinamisha vichwa mezani; lakini sala yetu ilikuwa fupi kuliko mvuke wa chai. Hapo ndipo tulipotambua ya kuwa yale tuliyoyaita mazoea yetu yalikuwa mazoea ya kengele. Kengele iliponyamaza, nasi tukanyamaza.

Miaka michache iliyopita tulifiwa na mtoto wetu wa pili kwa ugonjwa wa siku tatu. Tulimleta nyumbani kwa baba yetu kumzika, kama ilivyo desturi. Majirani walikuja, kwaya ikaimba, Chama hiki kikatushika mkono, nasi hatutausahau wema huo. Lakini watu walipokwisha kutawanyika, tulijaribu kusali tusiweze. Maneno yote ya shuleni tuliyakumbuka, ila yalikuwa kama funguo za nyumba iliyobomolewa. Mke wetu alituomba tumsalie, nasi tulitazama chini.

Mama yetu mzazi hajui kusoma. Kila alfajiri alitoka katika nyumba yake, akavuka ua, akaketi kwenye kigoda mbele ya mlango wetu, kabla hajawasha moto. Alisema Sala ya Bwana kwa Dholuo. Kisha akawataja mbele za Mungu watu wote wa boma, mmoja mmoja, tangu mkubwa mpaka mdogo, kama alivyofanya tangu utoto wetu. Asubuhi ile ya kwanza baada ya maziko alifika kwenye jina la mtoto wetu, akanyamaza. Tulimsikia tukiwa ndani. Alinyamaza kitambo kirefu. Halafu akalitaja jina lile kwa sauti ndogo, akaendelea na jina lililofuata, mpaka akamaliza. Jioni akafanya vivyo hivyo. Hakutuita, wala hakutukemea. Siku ya tisa tulijikuta tunaitikia kutoka ndani ya nyumba. Siku ya kumi tulitoka tukaketi karibu naye.

Baadaye tulimwuliza, "Mama, uliwezaje kusali siku ile?" Akasema, "Mwanangu, njia hii niliikanyaga wakati wa mwanga. Giza lilipokuja, miguu iliijua."

Wanachama wenzetu, hotuba yetu yote ni kulifafanua neno la mama huyu.

Kwanza, tusidhani ya kuwa sala ya alfajiri ni kitu cha kigeni kilicholetwa na meli. Wazee mliopo mwakumbuka jinsi babu zetu walivyotoka nje jua linapochomoza, wakaelekea mashariki na kuliombea boma lao amani na siku njema. Hawakungoja mgonjwa ndipo watoke. Injili ilipofika katika nchi hii haikukuta watu wasiojua kuamka mbele za Mungu. Ilitufundisha jina la Baba na la Mwanawe, na lile ua la alfajiri ikalikuta limekwisha kufagiliwa.

Pili, wale waliotuletea Injili wenyewe walisimama kwa mazoea. Mnamo mwaka 1906 Arthur Carscallen alifika Gendia, katika nchi ya Karachuonyo ambayo leo imo katika Kaunti ya Homa Bay, pamoja na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Carscallen alijifunza Dholuo na kuandika kitabu cha sarufi yake, na kweli mtu hawezi kusali kila siku kwa lugha ya kuazima. Hata leo ndugu zetu Waadventista wanalo somo lao la kila asubuhi liitwalo Kesha la Asubuhi, nao hulisoma nyumbani kabla ya kazi. Kwa Wakatoliki iko Malaika wa Bwana, asubuhi, adhuhuri na jioni, tena iko Rozari. Ndugu wa Uamsho, ambao moto wao ulitoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ukaingia Kenya, wanayo desturi ya kukutana na kuungama makosa wazi, mtu na mwenzake. Njia ni mbalimbali, lakini zote zakubaliana katika jambo moja: imani hupewa saa yake na mahali pake. Isipopewa saa, hukosa siku.

Tatu, na hili twaomba mlisikilize sana. Ng'ambo ya ziwa hili tunaloliita Nam Lolwe, katika nchi ya Buganda, wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe walifika mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882 waliondoka kwa sababu ya hatari, wasirudi mpaka mwaka 1885. Kwa muda wa miaka karibu mitatu Wakristo wale wachanga hawakuwa na padre wala Misa. Mtu angedhani kundi litatawanyika. Lakini hawakutawanyika. Walisali majumbani mwao, wakafundishana, na hesabu yao ikaongezeka. Joseph Mukasa Balikuddembe aliwaongoza vijana katika jumba la Kabaka. Mathias Mulumba alifundisha huko Mityana. Kengele ilikuwa imekwenda ng'ambo, lakini wao walikuwa nayo ndani.

Ndipo jaribu likaja. Balikuddembe aliuawa mwezi wa Novemba 1885. Mwishoni mwa Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wanafunzi wa dini, akijua ya kuwa kifo ki karibu. Tarehe 3 Juni 1886 Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja huko Namugongo. Papa Paulo wa 6 aliwatangaza mashahidi wale Wakatoliki kuwa watakatifu mwaka 1964. Watu husimulia habari za moto ule, nao wanastahili kusimuliwa. Lakini sisi twawaomba mtazame pia ile miaka mitatu ya kimya iliyotangulia. Vijana wale hawakupata ujasiri siku ya kuni. Waliupata katika asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyeziandika.

Sasa tuje katika mambo ya kutendwa, maana Chama hiki hakipendi hotuba isiyo na maazimio. Twapendekeza mambo matano, nayo ni madogo kwa makusudi.

La kwanza ni alfajiri. Kabla ya kushika simu, kabla ya jembe, kabla ya kufungua duka, mtu aketi mahali pamoja, kila siku pale pale, amshukuru Mungu na kuwataja watu wake kwa majina. Dakika tano zatosha kwa anayeanza. Bwana wetu mwenyewe aliamka mapema sana, kungali giza, akaenda mahali pasipokuwa na watu kuomba. Hayo yameandikwa katika Injili ya Marko. Ikiwa yeye alihitaji, je, sisi?

La pili ni Neno. Biblia nzima ya Kiswahili cha Muungano ilitoka mwaka 1952, na Biblia nzima ya Dholuo mwaka 1953. Hatuna tena udhuru wa lugha. Lakini wengi wetu twaifungua Biblia kama mtu afunguaye sanduku la nguo za sikukuu. Afadhali aya chache kila siku, zilizosomwa kwa sauti na kutafakariwa, kuliko sura kumi siku moja na vumbi mwezi mzima. Wana wa Israeli waliokota mana ya siku moja kila asubuhi, na iliyowekwa akiba iliharibika, isipokuwa ile ya Sabato. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto. Hapo wawili watakuwa wamelishwa kwa sahani moja.

La tatu ni katikati ya mchana. Danieli alikuwa mtu wa serikali mwenye kazi nyingi, naye alipiga magoti mara tatu kila siku. Amri ya mfalme ilipotoka kumzuia, hakubuni jambo jipya. Alifanya kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Wakristo wa kwanza nao walifundishwa kusema Sala ya Bwana mara tatu kwa siku, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha kale sana kiitwacho Didake. Mwenye kazi shambani asimamishe jembe. Mwenye kazi ofisini aweke kalamu chini. Mwenye pikipiki ya abiria asimame kivulini. Sentensi moja mbele za Mungu yaweza kuugeuza mchana mzima.

La nne ni jioni, nalo sisi makarani twalielewa kuliko wengine. Karani mwema hufunga hesabu yake kila siku. Kosa la leo hulipata leo, kwa kuwa bado akumbuka ni nani aliyelipa na ni kiasi gani. Lakini akiacha kosa lilale mwezi, kisha mwaka, hata mkaguzi hodari atasumbuka, na rafiki wawili watashukiana wizi. Vivyo hivyo moyoni. Kila usiku tujiulize: leo tumemdhulumu nani? Tumesema uongo wapi? Tumemnunia nani chini ya paa hili? Mume amwombe mkewe msamaha kabla ya kulala, na mzazi asione haya kumwomba mtoto. Boma nyingi hazikuvunjwa na kosa moja kubwa. Zilivunjwa na makosa madogo yaliyolala bila kufungiwa hesabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tano ni majirani. Mtu akisali peke yake, siku moja atajidanganya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki waliazimia mwaka 1976 kuzijenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, kwa kuwa waliona ya kuwa parokia ni kubwa mno kumjua kila mtu. Makanisa mengine nayo yanayo makundi yao ya nyumba kwa nyumba. Mara moja katika juma tukutane, tuulizane habari za ukweli, tumtembelee mgonjwa na mjane. Chama hiki hutoa fedha za maziko. Lakini mjane ahitaji pia mtu wa kusali naye mwezi wa tatu, wakati hema limekwisha kuondolewa na sufuria zimerudishwa kwa wenyewe.

Pengine mtu atauliza, "Je, na siku ambazo moyo ni mkavu, tusalipo bila hamu, si unafiki huo?" Wakulima wa tumbaku waliomo humu watatujibu. Majani yakiwa katika tanuru, moto hutunzwa mchana na usiku, siku baada ya siku. Mtunzaji hangoji kujisikia vizuri ndipo atie kuni. Akilala usingizi saa nane za usiku, moto ukazimika, kazi ya msimu mzima yaharibika, na sababu zake hazitarudisha rangi ya majani. Kutia kuni pasipo hamu si unafiki, ni uaminifu. Hamu huja na kuondoka kama wageni. Mwenye nyumba ni uaminifu.

Lakini iko hatari ya upande wa pili, nasi hatutaificha. Mazoea yaweza kuwa ganda lisilo na punje. Mtu aweza kusali alfajiri saa nzima, na kabla ya adhuhuri awe amempiga mkewe, au amesogeza mpaka wa shamba la yatima, au amempunja mchuuzi kwa mizani mbovu. Mtu kama huyo asiongeze sala; aanze kwa kurudisha. Sala ya kila siku ni ya kumleta Mungu katika boma, na Mungu akiingia ataona yote yaliyomo. Asiyetaka ayaone asimkaribishe kwa maneno.

Iko pia hatari ya kukata tamaa. Mtu huanza kwa bidii, akavusha juma moja, kisha akakosa siku mbili, akasema, "Mimi si mtu wa mambo haya." Ndugu, mwanachama akikosa mchango wa mwezi mmoja hatumfuti katika daftari, twamkumbusha, naye huendelea. Mungu hana roho ndogo kuliko Chama. Aliyekosa jana na aanze leo, wala asijaribu kulipa deni lote kwa siku moja.

Na vijana wetu? Wazazi wengi hutuambia, "Watoto wa siku hizi hawataki mambo ya dini." Twajibu kwa heshima: je, wametuona tukiyafanya? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi hatukumbuki hata hotuba moja ya mama yetu kuhusu sala. Twakumbuka kigoda chake.

Bwana Mwenyekiti, tunaomba mkutano huu uazimie jambo moja lisilohitaji shilingi hata moja. Kila mwanachama, kabla ya Mkutano Mkuu wa mwaka ujao, achague katika boma lake saa moja na mahali pamoja, awaambie watu wa nyumbani mwake, na aanze. Hatutaandika majina, wala hatutatoza faini. Daftari la jambo hili halimo mikononi mwa karani.

Sisi wenyewe tumeanza. Zamani mama yetu alivuka ua kuja mlangoni petu. Sasa miguu yake imechoka, nasi ndio tunaovuka ua kwenda mlangoni pake, pamoja na watoto. Bado huwataja wote kwa majina. Kwenye jina lile hupunguza sauti kidogo, kisha huendelea.

 Mungu awabariki, awalinde njiani, na alibariki boma la kila mmoja wenu.

Wenu katika kazi ya Chama,

KARANI